Nyimbo Zisizomtaja Mungu

Gari letu lilikuwa na tabia ya kuanza kuimba kabla halijaanza kutembea. Ukigeuza ufunguo nusu, injini ikiwa bado imelala, redio huwasha taa yake ya buluu, ikatafuta kidogo, kisha ikaendelea na wimbo pale pale ulipokatikia jana. Kama uliuzima katikati ya neno, leo utaanza na nusu iliyobaki. Nyimbo zenyewe zilikuwa ndani ya flashi ndogo nyeusi iliyochomekwa chini ya redio. Niliifunga uzi wa katani ili isipotee. Uzi huo nilisokota mwenyewe, kwa sababu kwetu Ngombezi, katikati ya mashamba ya mkonge, mtu mzima hanunui uzi.

Gari walinipatia watoto wangu nilipostaafu uinjilisti, baada ya kuchangishana wenyewe bila kuniambia. Nilipiga magoti uani, mbele ya majirani, nikamshukuru Mungu, kwa kuwa nilitembelea mitaa ya kanisa kwa miguu na kwa baiskeli maisha yangu yote. Siku za kazi mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, alilitumia kubeba abiria kati ya Korogwe na Segera. Jumamosi na Jumapili lilikuwa langu.

Ndani ya flashi ile kulikuwa na kwaya. Nyimbo kumi na nane za kwaya, na baada ya hizo, wa mwisho kabisa, wimbo wa mama yangu.

Mama alitoka upande wa Kigoma akiwa binti, akimfuata baba aliyeletwa kukata mkonge kwa mkataba. Kazi yake ilikuwa kuanika nyuzi zikitoka kiwandani, na jioni alirudi kambini mikono imechubuka. Nasi watoto alisema Kiswahili cha kambini. Lugha ya kwao aliitumia mara mbili tu, akikasirika na akiimba. Kaka yangu, aliyenizidi miaka minane, alikuwa akiielewa. Mimi nilikuja nyuma, na mapema nikapelekwa darasa la dini, nikalipenda kuliko nyumbani. Nikiwa kwenye mafundisho ya kipaimara nilimwomba mama asiimbe nyimbo zile walimu wangu wanapopita njia ya kambini. Hakuniuliza sababu. Tangu siku hiyo akisikia sauti ya baiskeli alinyamaza.

Kaka alikuwa fundi wa mashine kiwandani, akanunua redio ya kaseti. Alasiri moja mama akiwa anapukuchua mahindi, kaka alibonyeza vile vitufe viwili vya kurekodi, akakaa kimya. Kwenye kanda unasikia kwanza punje zikianguka kwenye sinia. Kisha mama anasafisha koo, anaimba. Katikati ya wimbo anacheka mwenyewe, halafu anaendelea. Mwisho anagundua redio inazunguka, anasema kwa Kiswahili, "Zima, utamaliza betri." Kanda inaishia hapo.

Sina picha ya mama. Picha moja iliyokuwepo ililiwa na mchwa.

Kaka alisilimu alipooa, akahamia Kwamsisi kwa wakwe zake, akalima mahindi na mihogo. Mimi nilibaki Ngombezi na Biblia yangu. Hatukugombana hata siku moja kwa ajili ya dini. Idi nilikula kwake na Krismasi alikula kwangu, tena alikuwa mlaji. Kanda aliitunza yeye, kwenye kopo la maziwa ya unga, miaka na miaka. Ilipoanza kukwama, mkwe wangu aliichukua kwa fundi wa redio mjini Korogwe, na fundi akafanikiwa kuihamishia kwenye flashi yangu. Kanda yenyewe ilitafunwa na mashine siku ile ile, ikatoka kama utumbo wa kuku. Fundi aliomba radhi. Hatukulalamika, sauti ya mama ilikuwa imekwisha kupona.

Simu ya kaka ilikuwa kitochi, haiwezi kubeba kitu. Basi wimbo ukakaa kwenye gari, na gari likawa ndilo chumba chetu cha kumsikiliza mama. Kila nilipokwenda Kwamsisi, tukishakula, kaka alitoka na kofia yake ya kufuma, akaingia kiti cha mbele kushoto, mlango wazi, mguu mmoja nje. Kitufe cha kurusha nyimbo kilikuwa kimekufa zamani, na ukichomeka flashi upya ilianza mwanzo. Kwa hiyo ili kumfikia mama ilibidi tusikilize kwaya zote kumi na nane.

"Miaka yote umeshindwa kuniingiza kanisani," aliniambia safari ya kwanza, "sasa unaniletea kanisa kwa magurudumu."

Nilimwambia asikilize maneno, huenda yakamfaa.

"Maneno ninayasikia. Ila hawa watu wako wanajua kulia, hawajui kunyamaza. Mama yuko wa ngapi?"

"Wa mwisho."

"Kama kawaida yake. Na kula alikula wa mwisho."

Akasubiri. Alijua kwaya zetu kwa mpangilio kuliko waimbaji wenyewe. Ya kumi na tano ikianza, aliingiza mguu ndani na kufunga mlango.

Sasa nieleze kosa langu, na nitalieleza lilivyokuwa.

Mkwe wangu aliongeza nyimbo zake kwenye flashi. Nilijua, maana Jumamosi nikiwasha gari nilikutana nazo, nikazizima na kusema nitamwambia. Sikumwambia. Jumamosi moja niliizima redio kama kawaida, kisha nikamchukua mchungaji na wazee wawili wa kanisa kwenda kuzika pale pale Ngombezi. Tulizika vizuri. Watu wakiwa bado wamesimama kaburini, mama mfiwa akiwa ameshikwa mikono pande mbili, nikaenda kuligeuza gari. Nikageuza ufunguo. Ukatoka wimbo unaosifia kiuno cha mwanamke, tena kwa sauti ya juu, kwa sababu mkwe wangu husikiliza kwa sauti hiyo. Vidole vyangu vilitafuta kitufe vikakikosa. Watu wote waligeuka. Mchungaji aliingia kwenye gari akafunga mlango. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekaa nyuma yangu, alisema taratibu kama anayeongea na dirisha, "Kumbe mwinjilisti naye ana zake."

Wakacheka kidogo. Nilicheka nao. Usiku sikulala.

Jumatatu asubuhi nilimkabili mkwe wangu. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Baba, nisamehe. Lakini abiria hawapandi gari linaloimba mazishi." Akaongeza kwamba nimwachie, jioni akirudi atazitoa zake mwenyewe, yeye anazijua. Nilimwambia leo gari halitoki. Mimi ambaye watu hunisifu kwa uvumilivu, ambaye nimewafundisha wanandoa wangapi kusubiri hasira ipoe, siku hiyo nilishindwa kusubiri hadi jioni. Niliendesha hadi Segera.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye kibanda cha stesheneri karibu na njia panda, anatoa kopi na kuwaingizia watu nyimbo. Ni mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili, mtu mwaminifu. Alinipa shikamoo, akafuta benchi kwa kanga yake nikakaa. Nilimweleza aibu iliyonipata, akasikitika kweli. Akachomeka flashi kwenye kompyuta yake, akasema majina ya nyimbo humu hayaaminiki, nyingine hazina jina, zina namba tu, itabidi azifungue moja moja asikilize kidogo.

"Sasa baba, nitoe zipi, nibakize zipi?"

Nilimjibu kama nilivyozoea kujibu darasani. Nilisema, "Kama haimtaji Mungu, itoke."

"Zote?"

"Zote."

Akaanza. Nilikaa pale nje nikiangalia mabasi yakipishana, wauza machungwa wakiyakimbilia, na ndani ya kibanda nikisikia vipande: kwaya kidogo, kimya, kiuno kidogo, kimya, kwaya. Nilijisikia vizuri, kama mtu anayefagiliwa nyumba. Kisha nikasikia punje za mahindi kwenye sinia. Nikasikia mama akisafisha koo, na sauti yake ikaanza, neno moja, la pili. Nikatabasamu. Nakumbuka kwamba nilitabasamu. Kisha ikakatika, nami nikadhani ameisikia vya kutosha, amekwenda kwenye wimbo mwingine. Kumbe ule ukimya ndio uliokuwa kufutwa kwake, nami nilikuwa hatua tatu kutoka pale, na mikono yangu ilikuwa tupu.

Alipomaliza aliniambia pamebaki nafasi kubwa, akaniongezea kwaya mpya kama zawadi. Nilimwombea baraka. Nikarudi Ngombezi nikiwa na flashi safi, na Jumapili nikiwapeleka wazee wale wale kanisani niligeuza ufunguo taratibu, kwa makusudi, ili wasikie.

Safari zangu zilikuwa fupi. Kutoka nyumbani hadi kanisani ni nyimbo mbili. Siku za kazi niliichomoa flashi, mkwe wangu asiiguse, na kila nilipoichomeka tena ilianza mwanzo. Sikufika mwisho wake hata mara moja.

Wiki kadhaa baadaye mke wa kaka alinipigia simu. Kaka alikuwa amelazwa Handeni, kisha madaktari wakamruhusu arudi nyumbani kwa namna ambayo watu wazima tunaielewa. Nilimuuliza nije na nini. "Shemeji, anasema uje na gari," alisema. "Nimemuuliza kama anataka dawa, amekataa. Anasema gari."

Nilielewa. Asubuhi nilichomoa flashi, nikaifunga kwenye leso pamoja na uzi wake na kuitia mfuko wa shati, ili barabara ya vumbi kutoka Mkata isiiharibu. Njia nzima niliendesha bila redio. Niliomba. Nilimshukuru Mungu kwamba nilikuwa na kitu cha kumpelekea ndugu yangu ambacho duka lolote haliuzi.

Nilimkuta amebaki macho. Ndevu zilikuwa zimenyolewa, na kofia ile ya kufuma ilimwingia hadi masikioni. Majirani wawili walimbeba wakamweka kiti chake cha mbele, mto mgongoni, shuka magotini. Mke wake alitaka kufunga mlango, akakataa kwa kidole. Alitaka uwe wazi kama kawaida, ingawa mguu wake haukuweza kukaa nje.

"Kanisa limefika," alisema.

Nikachomeka flashi. Kwaya ya kwanza ikaanza.

Tulisikiliza. Majirani waliondoka, jua likahama kutoka kioo cha mbele likaja ubavuni. Alifumba macho lakini hakulala, kila wimbo ukiisha alifumbua na kuangalia namba kwenye redio. Ilipofika ya kumi na tisa niliweka mkono kwenye sauti nikaongeza. Ikaimba kwaya. Nikakumbuka zile mpya za zawadi, nikamwambia, "Wameongeza chache, mama yuko mbele kidogo." Alitikisa kichwa kukubali. Ya ishirini. Ya ishirini na moja. Kufika ya ishirini na tatu jasho lilikuwa linanitoka chini ya shati. Ya ishirini na nne iliisha, redio ikakaa kimya kama inavyofanya inapotafuta, na ndani ya kimya kile nilisubiri punje za mahindi kwa mwili wangu wote.

Ikaja kwaya ya kwanza.

"Imerudi mwanzo," kaka alisema.

Nilisema labda redio imeruka. Nilichomoa flashi nikaipuliza, nikachomeka tena. Nilijua kwamba ninafanya mchezo. Nilikuwa nimesikia tena, wazi kabisa, ile sauti ya mama ikikatika pale Segera, nami nikitabasamu kwenye benchi.

Ningeweza kumdanganya. Ningesema flashi imeharibika, ningesema vumbi, na angekufa akilaumu barabara. Mungu anajua nililifikiria. Lakini yule alikuwa kaka yangu, nikamwambia yote: mazishi, kiuno, mzee wa kanisa, kibanda. Nikamwambia na maneno niliyompa yule mama. Kama haimtaji Mungu, itoke.

Aliangalia mbele kana kwamba gari linakwenda. Mimi nilishika usukani. Nikamuuliza kitu ambacho katika miaka yote ile sikuwahi kumuuliza. "Kaka, ule wimbo ulikuwa unasema nini?" Nakiri nilikuwa natafuta nafuu. Nilitumaini atasema yalikuwa maombi, mama akituombea sisi watoto, ili kosa liwe la yule mwanamke wa Segera na la lugha aliyokuwa haijui, lisiwe la kanuni yangu.

"Unamsema mnyapara," alisema. "Ana wake wawili, na wote wawili wanampikia ugali mbichi. Anakuja kazini tumbo linamsokota, anawatukana wanaoanika. Ndiyo hivyo tu." Akapumzika, kifua kikipanda na kushuka. "Pale anapocheka ni pale mnyapara anapokimbilia kwenye mkonge, na mkonge una miiba."

"Kumtaja Mungu?"

"Hata mara moja. Kanuni yako imefanya kazi, mwalimu."

Maisha yake yote aliniita mwinjilisti kwa utani au mdogo wangu kwa upendo. Mwalimu hakuwahi kuniita. Alilisema neno hilo bila hasira, na ingekuwa hasira ningejua pa kuipokelea.

Nikajaribu kuimba. Tuni niliijua, nilikuwa nimeisikia tumboni kabla ya kuzaliwa. Maneno niliyashika ya mstari wa kwanza tu, nikayasema, kisha nikaendelea kwa kuguna. Kaka alisikiliza. Nilipofika mahali pa kucheka nilisita, kwa sababu sikujua mama alichekaje. Nilikuwa nimemsikia mara nyingi na sikuwa nimeshika. Alinyanyua mkono kidogo kutoka kwenye shuka.

"Acha, mdogo wangu. Unaimba kama kwaya."

Redio ilikuwa bado inazunguka kwa sauti ya chini, wimbo wa tatu au wa nne. Mke wake alikuwa amekuja na uji, amesimama mlangoni mwa gari asijue aingilie au asubiri.

"Zima," kaka alisema. "Utamaliza betri."

Nilizima.

Alifariki siku ya tano. Walimzika alasiri ile ile kwa taratibu zao, nami nilisimama safu ya nyuma na wakwe zake wakanipa jembe nitupie udongo. Nilikuwa nimeichomoa flashi kabla ya kuondoka nyumbani.

Nilikwenda Segera. Yule mama alilia. Alisema aliisikia, akadhani ni ya mganga, akaifuta kwa haraka zaidi ya nyingine. Nilimwambia hana kosa, alifanya kama alivyoagizwa, na hilo ni kweli. Fundi wa Korogwe hakuwa amebaki na nakala, akakaa na flashi siku tatu. Aliniambia nyimbo zilizofutwa huweza kurudi iwapo mahali pake hapajaandikwa kitu kingine, na kwamba pale alipokuwa mama sasa pana kwaya.

Mkwe wangu alinunua flashi yake, anaichomoa Ijumaa jioni bila kuambiwa. Ananiheshimu kuliko zamani, na hilo ni gumu kulibeba. Wazee wa kanisa hawanitanii tena.

Kila jioni naorodhesha mbele za Mungu mambo ya kushukuru, kama nilivyofundishwa na kama nilivyofundisha. Uzima, wajukuu, macho yanayosoma bado bila miwani mchana. Namshukuru kwa kaka, na kwa mama. Nikifika kwenye lile la Segera nanyamaza. Yeye anasubiri na mimi nasubiri. Nimewahi kuwaambia watu wengi kwamba subira ni aina ya sala. Siku hizi sisemi hivyo kanisani hadi nitakapojua.

Gari bado linaimba kabla ya kutembea. Flashi ni ile ile, na uzi wake ni ule ule. Siku moja moja, nikiwa peke yangu, naiacha ifike hadi ya ishirini na nne, nasimamisha gari pembeni, naingoja redio itafute. Haichukui muda. Kisha kwaya inaanza tena mwanzo.